Mlango wa Shewa Ulipofungwa



Naandika asubuhi hii nikiwa hapa Mountain View, honi za matatu zikisikika kutoka Waiyaki Way. Jana jioni niliketi na familia moja ya wamishenari, Wakenya wenzetu. Walikuja nyumbani kupumzika miezi mitatu, na sasa huu ni mwezi wa kumi na moja. Nchi wanayoitumikia siitaji, kwa usalama wao. Viza hazijatoka. Nyumba yao kule bado inadai kodi, na watoto wanasoma huku wakiishi kwa shangazi yao. Mama wa familia hiyo aliniuliza, "Pasta, kama ni Mungu aliyetutuma, mbona tumezuiwa na muhuri?"

Mpendwa, sikuwa na jibu la haraka. Lakini nilipofika nyumbani nilikumbuka historia tuliyosomeshwa chuo cha Biblia. Wakati ule niliisoma ili nipite mtihani. Jana usiku niliisoma nikilia.

Johann Ludwig Krapf hakukusudia kuja Kenya. Mjerumani huyu alitumwa na shirika la CMS la Uingereza mwaka 1837 kwenda Uhabeshi, ambayo leo ni Ethiopia. Alianzia Tigre, na mwaka 1838 akafukuzwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1839 aliingia Shewa, ufalme wa Sahle Selassie, akakaa Ankober karibu miaka mitatu. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo. Alijifunza lugha yao na kuanza kuwatafsiria Maandiko.

Mwaka 1842 aliteremka hadi Misri, na huko Aleksandria akafunga ndoa na Rosine Dietrich. Mpango ulikuwa rahisi: aoe, kisha arudi kazini na mke wake. Walipofika Tajura, katika pwani ya Jibuti ya leo, wakakatazwa kupita. Mlango wa Shewa ulikuwa umefungwa. Wakajaribu kuzunguka kupitia Massawa ili waingie Tigre. Rosine alikuwa mjamzito, akajifungua mtoto wa kike njiani, nyikani. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Na Tigre nako wakakataliwa.

Hebu simama hapo kidogo. Hawa walikuwa watu wa maombi. Waliitwa kweli, lugha waliijua, na kazi walikuwa wameianza. Hata hivyo walikataliwa, wakazika mtoto, wakakataliwa tena.

Ndipo Krapf akageuza uso kusini. Januari 1844 alifika Unguja na kwenda mbele ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mtawala huyo Mwislamu alimwandikia barua kwa maliwali wake wa pwani, kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu, wamtendee wema. Hiyo ndiyo ilikuwa viza yake. Kwa barua hiyo aliingia Mombasa.

Je, hukumbuki Nehemia? Soma Nehemia 2:7-8. Alikuwa amefunga na kuomba, lakini aliposimama mbele ya Artashasta hakuona haya kuomba barua za kupitia ng'ambo ya Mto, na nyingine kwa mtunza msitu wa mfalme ili apewe miti. Kujaza fomu si ukosefu wa imani. Kupanga foleni Nyayo House, kama wafanyavyo wageni wanaokuja kututumikia hapa, si ukosefu wa imani. Na Mungu anaweza kutumia kalamu ya mtu asiyeamini kama wewe.

Lakini sitakudanganya kwamba barua ilimaliza machozi. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa iliwalaza wote wawili. Rosine akajifungua tena, na tarehe 13 Julai 1844 akafariki. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapita njia wakiona kaburi wakumbuke kilichowaleta. Krapf, mwenyewe akiwa hoi kwa homa, akabaki peke yake.

Akabaki, mpendwa! Mwaka huo huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 Johannes Rebmann akajiunga naye, na Agosti wakafungua kituo Rabai kwa idhini ya wazee wa pale. Mtu mmoja mlemavu, Mringe, akawa miongoni mwa wa kwanza kumpokea Kristo. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, Krapf aliona theluji ya mlima ambao jina lake limekuwa jina la nchi yetu. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Ukisoma Matendo 16:6-7 utaona Roho ndiye aliyemzuia Paulo asiingie Asia na Bithinia. Ukisoma 1 Wathesalonike 2:18 utaona Paulo huyo huyo akisema Shetani ndiye aliyemzuia. Kwa hiyo tusikimbilie kumwambia mtu aliye foleni, "Huna imani," wala, "Si mapenzi ya Mungu." Krapf alipokuwa Tajura hakujua kuna Rabai. Na hata leo sithubutu kusema Eneba alikufa ili Mombasa ipate mmishenari. Hilo namwachia Mungu. Ninachojua ni kwamba Mungu hakumwacha mtumishi wake pale mlango ulipofungwa, na kazi ya mikono yake haikupotea.

Leo nitarudi kwa yule mama na jibu hili. Sitamwahidi tarehe ya viza. Nitamwambia, "Mama, hata Rosine alingojea." Na nitabeba bahasha, kwa sababu karo na kodi havilipwi kwa historia.

Wewe je? Unamjua mtumishi aliyekwama nyumbani akingojea karatasi? Mpigie simu leo. Usimuulize, "Unarudi lini?" Muulize, "Mmekula nini?"

Tuombe: Baba, wakumbuke wanaongojea. Wape kibali mbele ya wenye mamlaka. Na pale unapofunga, tupe neema ya kubaki na wewe. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba nami, andika AMINA.

Mchungaji wako, Mountain View