Mizinga Iko Mombasa, Kumbukumbu Iko Salale

Ndugu wana-Salale, mlioko nyumbani na tuliotawanyika Mbagala, Temeke, Kigamboni na kwingineko, kila mwaka kijarida hiki huwaomba mchango wa madawati na zahanati. Mwaka huu tunaongeza ombi dogo, na kabla ya kuliomba hatuna budi kueleza historia yake.

Vita Kuu ya Kwanza iliingia kwetu kwa njia ya maji. Mnamo Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilijificha katika mikono ya mto Rufiji. Mwezi huohuo ilitoka, tarehe 20 ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikarudi mikokoni na injini mbovu. Waingereza waliitafuta bila mafanikio mpaka walipokuta, ndani ya meli moja kule Lindi, karatasi zilizoonyesha kuwa makaa ya mawe yamepelekwa Rufiji. Sisi tunaoshughulika na vitabu vya hesabu hatushangai: stakabadhi husema hata pale watu wanaponyamaza. Tarehe 30 Oktoba manowari ya Dartmouth iliiona Königsberg ikiwa ndani ya delta.

Tangu hapo delta ilizingirwa. Novemba Waingereza walizamisha meli kuukuu ya makaa, Newbridge, ili kuziba mlango mmoja wa mto. Januari 1915 waliiteka Mafia, wakaifanya kituo cha ndege zao. Julai 1915 zikaja manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo ziliweza kupanda mto. Zilipiga tarehe 6, zikarudi tarehe 11, huku ndege ikiwaonyesha mabaharia mahali makombora yanapoangukia. Siku hiyo ya pili Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe, ikakaa kwenye tope.

Lakini mizinga yake kumi haikufa. Iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, ikapigana nchi kavu katika sehemu nyingi za nchi yetu. Mizinga ya namna ile haikujiendesha. Ilikokotwa na watu, na nyuma yake walikuwepo wapagazi wa chakula na risasi. Katika vita vile, wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, tunakopita kila siku na mizigo yetu, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza.

Sasa tuangalie kumbukumbu ziko wapi. Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini. Mwingine uko Jinja, Uganda. Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari tangu 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Meli yenyewe ilikatwakatwa kwa miaka mingi ikauzwa chuma chakavu, na iliyobaki imemezwa na tope.

Mgeni anayesimama Mombasa anasoma jina la meli. Hasomi jina la mvuvi aliyefungiwa njia ya kwenda baharini, wala la mkata boriti ambaye msitu wake uligeuka uwanja wa vita, wala la kijana aliyechukuliwa kubeba mzigo asirudi. Hao ndio babu na bibi zetu. Katika daftari la vita vile, meli imeandikwa mpaka msumari wa mwisho, na wenye mto hawakuandikwa.

Tunajua litakaloulizwa: kwa nini tuweke fedha kwenye kibao wakati watoto wanakaa chini darasani? Swali ni la haki, na jibu letu ni kwamba fedha ya madawati haitaguswa. Kumbukumbu itakuwa na fungu lake, na kila shilingi itasomwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwaka. Wala hatuombi sanamu. Tunaomba kibao kimoja imara cha Kiswahili gatini Nyamisati, ambako wasafiri wa Mafia hungojea boti, na daftari moja litakalotunzwa shuleni, ambamo yataandikwa majina na masimulizi ya kila ukoo.

Haraka yetu ina sababu. Mto wetu hautulii: unahama, unakula kingo, na mafuriko ya 2024 yametukumbusha nguvu yake. Wazee nao wanaondoka, na aliyesikia habari hizi kwa babu yake aliyeshuhudia leo ni mtu mzima sana. Akiondoka mzee, hakuna nakala.

Basi ombi ni mawili. Kwanza, toa ulichonacho kwa mweka hazina wa tawi lako, na udai stakabadhi. Pili, kabla ya mkutano wa mwaka, kaa na mzee wa ukoo wako, muulize nani alibeba, nani alikimbilia wapi, nani hakurudi. Andika jina lake kamili na kijiji chake, uje nalo. Jina moja lenye ukweli litapokelewa kwa heshima ileile ya mchango mkubwa.