Volti Ndogo, Msiba Mkubwa

Wahenga walisema, usione wembamba wa reli, gari-moshi hupita. Wakazi wa Makambako na Mbeya wameiona methali hiyo kwa macho tangu reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Juma hili nataka kuipeleka methali hiyo kwenye kitu chembamba kuliko reli, nao ni waya wa kipaza sauti cha kiwandani.

Msomaji aliyewahi kuingia katika kiwanda cha chai, cha saruji au cha karatasi anajua kwamba humo ndani watu hawasikilizani. Mitambo inanguruma, mvuke unapiga mluzi. Kwa hiyo msimamizi wa zamu huzungumza ofisini, amplifaya huikuza sauti yake, na spika huitangaza kila pembe. Neno moja, "simamisha!", likifika kwa wakati huokoa mkono wa mtu, au roho yake. Ndiyo maana chombo hiki si anasa, na namna kinavyofungwa na kulishwa umeme si jambo la kuachiwa yeyote mwenye bisibisi.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 14 Oktoba 1913, huko Senghenydd, Wales, mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka. Wachimbaji 439 walikufa, na mwokoaji mmoja akafa baadaye. Mgodi huo huo ulikuwa umekwisha kulipuka mwaka 1901 na kuua watu 81. Uchunguzi haukuweza kuthibitisha pasipo shaka nini kiliwasha gesi, lakini miongoni mwa vilivyoshukiwa sana ni kengele ya mawasiliano. Kando ya njia ya mabehewa zilipita nyaya mbili zisizovikwa mpira. Mfanyakazi alipotaka kupeleka ishara, aligusanisha nyaya hizo, na kengele ikalia upande wa pili.

Umeme wake ulikuwa wa betri, volti chache tu. Mtu aliweza kuzishika nyaya zile asisikie kitu. Basi wengi wakaamini ni salama. Mahakamani, meneja wa mgodi alitozwa faini ya pauni 24. Gawanyeni wenyewe kwa watu 439 muone roho moja ilipimwa kwa kiasi gani.

Baada ya msiba ule, wataalamu wa Uingereza, akiwamo R. V. Wheeler na W. M. Thornton, waliipima cheche yenyewe. Waligundua kwamba kuangalia volti peke yake hakutoshi. Koili ya kengele huhifadhi nguvu. Mkondo unapokatwa ghafla, nguvu hiyo hutoka kama cheche, na cheche hiyo inatosha kuwasha gesi ya methani iliyochanganyika na hewa. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kutokana na utafiti huo ikazaliwa kanuni inayotumika duniani hadi leo: penye gesi, chombo cha mawasiliano lazima kiundwe ili hata kikiharibika, au waya ukikatika, cheche yake iwe dhaifu kiasi cha kutowasha chochote.

Habari hiyo inatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini? Inatuhusu sana. Mgodi wetu wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kuzalisha mwaka 1988, ni wa makaa ya mawe ya chini ya ardhi. Katika mgodi wowote wa namna hiyo, amplifaya ya kawaida iliyonunuliwa dukani haina ruhusa kushuka shimoni. Hukaa juu, kwenye chumba salama, na kinachoteremka ni chombo kilichothibitishwa kwa kazi hiyo, kupitia kizuizi kinachopunguza nguvu ya umeme.

Lakini hata juu ya ardhi, kosa lile la 1913 bado linaishi. Gridi ya taifa ilipotufikia miaka ya 1980, wengi walidhani shida imekwisha. Ukaja mgawo wa umeme wa mwaka 1992, kisha wa 1994, na viwanda vikajifunza kuweka betri. Fundi akiambiwa ni volti 24 tu, hutabasamu na kuchukua waya mwembamba. Hebu tupige hesabu. Amplifaya inayokula wati 240 huvuta takriban ampia moja kwenye umeme wa volti 230. Kwenye betri ya volti 24 huvuta ampia 10. Volti imepungua mara kumi, mkondo umeongezeka mara kumi. Waya mwembamba utachemka na kuyeyusha mpira wake. Kwa hiyo waya uwe mnene, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Nyaya za spika nazo zisidharauliwe. Mfumo wa viwandani hupeleka hadi volti 100 kwenye spika sauti inapokuwa juu. Ukitaka kufungua kiungo, zima kwanza. Jumlisha pia wati za spika zote: spika 20 za wati 10 ni wati 200, na amplifaya lazima iwe na uwezo unaozidi hapo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kiwanda kimoja nisichokitaja, nilimkuta fundi amekata mguu wa tatu wa plagi, ule wa ardhi. Nilipomuuliza, alijibu, "Mzee, spika zilikuwa zinavuma." Kweli mvumo ulikuwa umekwisha. Lakini kuanzia siku hiyo, umeme ukivuja ndani, sanduku lile la chuma lingemsubiri wa kwanza kuligusa. Dawa ya mvumo ni transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, na nyaya za sauti kupita mbali na nyaya za umeme mkubwa. Waya wa ardhi hauguswi. Vivyo hivyo fyuzi haibadilishwi kwa uzi wa shaba. Na kwetu Rungwe na Mufindi, ambako mvua huja na radi, nyaya zinazotoka nje ya jengo zifungiwe kinga ya radi.

Mambo haya hayana gharama kubwa. Waya wa ardhi, fyuzi sahihi na fundi mwenye cheti ni vitu rahisi kuliko jeneza. Wale wa Senghenydd waliuawa na gesi, lakini huenda pia na mazoea ya kusema "haina neno, ni volti chache." Kesho ukiingia zamu, itazame plagi ya kile chombo kinachokuita kwa jina. Kama mguu wa tatu haupo, usisubiri tume ya uchunguzi.