Mlango wa Ziwa Tanganika

Anayesimama Kalemie pale mto Lukuga unapoanza, huona maji yakitoka ziwani na kwenda polepole upande wa Lualaba. Ni mlango mmoja tu, kwa ziwa lenye urefu wa kilometa 673! Maji mengine karibu yote hupotea kwa kukaushwa na jua na upepo.

Zamani wasafiri walibishana sana juu ya mlango huo. Katika Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kaskazini, wakakuta Rusizi inaingia, haitoki. Katika 1874 Cameron alifika Lukuga, akauona umezibwa na majani. Stanley alirudi mwaka 1876, akapanda mto huo kwa mashua, lakini mkondo wa kweli hakuuona. Miti mitatu ya michikichi, ambayo mwaka 1871 ilisimama sokoni Ujiji, sasa ilikuwa ndani ya maji. Akasema: ziwa linajaa, siku moja litapasua kizuizi.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mingi maji yalikuwa machache; matete, mchanga na tope vilishikamana mlangoni kama kizibo cha chupa. Mvua zilipozidi, ziwa lilipanda, na karibu mwaka 1878 kizibo kikavunjika. Hore, mmisionari Mwingereza aliyekaa Ujiji, alifika Lukuga mwaka 1879 akakuta mto wenye nguvu. Tena huyu alifanya jambo ambalo wakubwa wale waliomtangulia hawakulifanya: aliweka alama ukingoni, akapima maji yakishuka. Mkondo ulichimba mlango wake wenyewe, na ziwa likashuka kiasi cha meta 10 kabla ya mwisho wa karne ile. Wavuvi walihamisha vijiji vyao kuyafuata maji.

Mwaka 1964 maji yalipanda tena sana. Kisha yakapanda tangu 2020, na mwaka 2024 nyumba za Uvira, Kalemie na Bujumbura zikaingiwa na ziwa. Bandari ya Bujumbura nayo ikapata taabu. Watu wengi husema: tuchimbe Lukuga, maji yatoke! Mimi naelewa uchungu wa mtu anayelala na watoto shuleni kwa sababu nyumba yake imo majini. Lakini mlango u katika Kongo, na ziwa ni la nchi nne. Mlango ukipanuliwa bila kipimo, miaka ya kiangazi itakapokuja meli zitakwama kwenye mchanga huko Kigoma na Mpulungu.

Kwa hiyo Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia ziliweka sahihi mapatano ya ziwa katika Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003. Na mwaka 2008 Mamlaka ya Ziwa Tanganika ilianza kazi Bujumbura. Kwa samaki wameanza kusikilizana: wamekubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, na Tanzania ilifunga tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Habari ya Lukuga ni ngumu zaidi. Samaki huvuliwa na wote, lakini mlango una mwenyeji mmoja, na mafuriko yana wenyeji wanne. Kupima kwa pamoja, kila bandari na alama yake na hesabu zikisomwa na wote wanne, ni kazi ile ile aliyoianza Hore akiwa peke yake Ujiji.