Uzamili wa kazi za jamii: Hesabu ya mfanyakazi wa Machakos

MJI wa Machakos una nafasi yake katika historia ya taaluma ya kazi za jamii nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ilipokuwa ikikaribia uhuru, ndimo kilimoanzishwa chuo cha kuwafunza wahudumu wa jamii wa mashambani kwa ushirikiano wa Kenya na Israeli. Zaidi ya nusu karne baadaye, afisa wa watoto au mhudumu wa hospitali anayefanya kazi mjini humo na kutamani shahada ya uzamili mara nyingi hulazimika kuelekeza macho Nairobi, umbali wa kilomita 64 hivi, na kurejea siku iyo hiyo.

Wengi huanza kwa kuuliza karo na saa za masomo. Maswali hayo ni ya haki, lakini si yanayowakwamisha wanafunzi wenye ajira. Kinachowakwamisha ni mafunzo ya nyanjani na tasnifu, mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye ratiba ya madarasa.

Kabla ya hayo, jina la shahada lichunguzwe. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha kazi za jamii tangu miaka ya 1970, na kwa muda mrefu taaluma hiyo imekaa katika idara moja na sosholojia. Katika kiwango cha uzamili, kozi nyingi zinazofanana huandikwa chini ya sosholojia, maendeleo ya jamii au ushauri nasaha. Majina haya si pacha. Sosholojia humwandaa mtu kuitafiti jamii. Kazi za jamii humwandaa kumshughulikia mtu, familia au kikundi chenye shida, na kuzijua sheria na huduma zinazowahusu. Mashirika ya kimataifa ya taaluma hiyo yalipokubaliana mjini Melbourne mwaka wa 2014 juu ya maana yake, yaliitaja kuwa ni kazi inayotendwa na pia ni somo la kitaaluma. Anayetafuta kupandishwa cheo hana budi kusoma masharti ya mwajiri neno kwa neno. Na anayedhani kwamba uzamili huu utamfungulia mlango wa kuwa mshauri nasaha akumbuke kuwa kazi hiyo ina sheria yake, ya mwaka wa 2014, na usajili wake.

La pili ni idhini. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua masomo ya kujilipia mwaka wa 1998, vyuo vingi vilifuata na matawi yakaenea katika miji midogo. Ilikuwa neema kwa wafanyakazi, kwani darasa liliwafuata walikokuwa. Lakini Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2012, ilipoanza kukagua, baadhi ya matawi yalifungwa. Haitoshi basi chuo kiwe na hati ya kuidhinishwa. Kozi yenyewe nayo iwe imekubaliwa na tume.

Sasa safari. Vyuo vya Nairobi havipo mahali pamoja, nayo tofauti hiyo huonekana kwa anayetoka Machakos. Abiria anayeshuka katika kituo cha mabasi cha Machakos, jijini, hayuko mbali na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Anayesoma Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoko Kahawa kwenye barabara ya Thika, au Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilichoko Lang'ata, yampasa kupanda matatu ya pili. Chuo Kikuu cha Daystar kina kampasi Athi River, njiani kabla ya kufika Mlolongo, lakini kina nyingine Valley Road katikati ya Nairobi. Mwombaji aulize darasa lake hasa litakuwa wapi. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka wa 2022 huanzia Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27. Nafuu yake haifiki Kyumbi.

Darasa linaloanza saa kumi na moja unusu jioni halimfai mtu anayetoka ofisini Machakos saa kumi na moja. Likimalizika saa mbili unusu usiku, atafika nyumbani karibu na usiku wa manane, na kesho yake kuna kazi. Darasa la Jumamosi lina nafuu. Yale ya likizo za shule yalibuniwa kwa ajili ya walimu, na afisa wa watoto hana likizo hiyo. Shule zikifungwa, kazi yake haipungui hata kidogo.

Hata hivyo, safari ina kipimo. Mafunzo ya nyanjani hayana. Nchini Marekani, baraza linalosimamia elimu ya kazi za jamii hudai angalau saa 900 za nyanjani kwa shahada ya uzamili. Vyuo vya Kenya havifungwi na kiasi hicho, lakini hesabu yake inafunza: mtu akipata Jumamosi moja ya saa nane kila wiki, atahitaji Jumamosi 113, yaani zaidi ya miaka miwili bila kukosa hata moja. Nazo ofisi nyingi za ustawi hufungwa Jumamosi.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mkuu wa idara liwe hili: je, mwanafunzi aweza kufanyia mafunzo yake Machakos, na hata kwa mwajiri wake? Mahali pa kujifunzia papo. Kuna hospitali ya Level 5, mahakama, gereza na ofisi ya probesheni. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022, iliyopandisha umri wa mtoto kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka minane hadi 12, imewapa maafisa mambo mapya ya kujifunza. Chuo kikikubali, kwa kawaida huhitajika majukumu yawe tofauti na ya kila siku na msimamizi asiwe bosi yule yule. Ni sharti la busara, kwani mtu hawezi kulipa karo ili afanye kazi aliyokuwa akiifanya jana. Ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi. Ahadi ya mdomo huondoka na mkubwa anapohamishwa.

Tasnifu nayo huwa na foleni zake. Pendekezo hutetewa, idhini ya maadili hutafutwa, kisha kibali cha utafiti kutoka NACOSTI. Masomo ya darasani yanapokwisha, safari za kila wiki hukoma, na hapo ndipo wengi hupotea. Mwombaji aulize ni wanafunzi wangapi walioingia pamoja wamehitimu, na kama msimamizi husoma sura kwa barua pepe au hudai mwanafunzi afike ofisini.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) imekuwa ikitoa mkopo uitwao Jielimishe kwa walioajiriwa. Mwajiri anayegharamia masomo naye huweza kumfunga mtumishi kwa mkataba wa kuhudumu miaka kadhaa. Nauli, ambayo hakuna anayeikopesha, ijumlishwe kwa idadi ya mihula yote, si muhula mmoja.

Masomo ya mbali yanazidi kuvutia. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023 na makao yake yako Konza, jirani kabisa na Machakos. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina uzamili wa kazi za jamii. Anayechagua njia ya nje ya nchi athibitishe na CUE, kabla ya kulipa, kwamba shahada hiyo itatambuliwa hapa, na aulize ni nani atakayemsimamia akiwa nyanjani. Kompyuta huleta mhadhara hadi sebuleni Machakos, lakini haiwezi kwenda naye wodini.