Kitovu Funge na Gurudumu la Sponji

Sehemu ya katikati ya gurudumu, pale spoki za baiskeli zinapoanzia, huitwa kitovu. Mafundi wengi husema habu, na wanaelewana vizuri. Lakini neno hilo moja limebebeshwa kazi mbili zisizofanana, na anayeumia zaidi ni mtu anayeunda roboti ndogo ya mapambano.

Twende kwanza Moiben, kwenye mashamba ya ngano na mahindi ya Uasin Gishu. Trekta inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma pekee ina vitovu vya aina zote mbili. Cha mbele huzunguka juu ya beringi, ekseli ikiwa imetulia. Cha nyuma kimekazwa kwenye shafti. Ikizunguka, nacho lazima kizunguke. Hali ni hiyo hiyo kwenye mashine ya kusaga mahindi, ambako puli hushikwa na kii, kile kipande cha chuma kinachokaa nusu ndani ya shafti na nusu ndani ya puli. (Kuna wanaopenda kukiita ufunguo. Ajabu, maana hakifungui chochote.)

Wanafunzi wa isimu wanazijua mofimu huru na mofimu funge. Sioni kwa nini karakana isiazime vivumishi hivyo. Kitovu huru ni kile kinachozunguka chenyewe juu ya ekseli; kitovu funge ni kile kinachozungushwa na shafti.

Watoto wanaojiundia magari ya waya hukata magurudumu kwenye slipa kuukuu, wakatoboa katikati na kupitisha waya. Gari linasukumwa kwa mkono, kwa hiyo gurudumu ni huru, na tundu likipanuka kidogo hakuna hasara. Weka mota mahali pa ule waya, mambo yanageuka.

Mashindano ya Robot Wars aliyoyaanzisha Marc Thorpe yalifanyika San Francisco mwaka 1994, na tangu hapo mchezo umezaa madaraja ya roboti ndogo mno: gramu 150 Uingereza, ratili moja, yaani gramu 454 hivi, Marekani. Kwenye uzito huo sponji inapendwa kwa sababu ni nyepesi, inang'ang'ania sakafu, na hufyonza kishindo kabla hakijafika kwenye meno membamba ya giaboksi. Nasema sponji kwa makusudi. Gurudumu la povu linanikumbusha karai la nguo.

Ubaya wa sponji ni kwamba haiwezi kuishika shafti. Mota ndogo inayotumika sana, N20, ina shafti ya kipenyo cha milimita 3, iliyochongwa ubavu mmoja hadi umbo lake likafanana na herufi D. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye sponji, nguvu yote ya kuzungusha inabebwa na ukuta mdogo wa tundu, na sponji inachanika kutoka ndani. Sasa weka kati yao kitovu cha plastiki chenye kipenyo cha milimita 20. Nusu kipenyo imepanda kutoka milimita 1.5 hadi 10, karibu mara saba. Nguvu inayoikwangua sponji inapungua kwa kiasi hicho, na eneo linaloibeba linaongezeka kwa kiasi hicho hicho, ikiwa upana ni ule ule. Kwa hiyo kila milimita ya mraba inabeba sehemu moja tu kati ya 44 ya mzigo wa awali. Hesabu hii ndiyo sababu yote ya kitovu funge kuwapo.

Tundu la kitovu nalo lichongwe kwa umbo la D, maana ule ubavu bapa ndio unaofanya kazi ya kii. Wengine huongeza skrubu isiyo na kichwa inayokandamiza bapa hilo. Skrubu ikikaa upande wa mviringo itateleza, hata ukiikaza namna gani.

Upande wa sponji kuna gundi. Ile ya matone inayokauka kwa sekunde chache huwa ngumu kama kioo, na sponji ikipinda inakatika pembeni mwake. Gundi ya fundi viatu hubaki laini na kupinda pamoja na sponji. Paka pande zote mbili, subiri ikauke kidogo, kisha bana. Fanya hivyo kitovu kikiwa hakijavaa shafti, gundi isije ikapenya ndani ya giaboksi.