Vyombo vya Kuamulia Mpango wa Mji: Dar es Salaam na Bonde la Msimbazi

Kati ya mwaka 1949 na mwaka 1979 mji wa Dar es Salaam uliandikiwa mipango mikuu mitatu. Wa kwanza uliandikwa na wahandisi wa Kiingereza; wa pili, wa mwaka 1968, na kampuni ya Toronto; na wa tatu, wa mwaka 1979, na kampuni nyingine ya Kanada. Chombo cha kuamulia siku zile kilikuwa karatasi ya ramani. Mpango wa 1949 uliyagawa maeneo kwa kadiri ya msongamano wa nyumba. Lakini watu wa mjini waliendelea kuyaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, majina yaliyosema waziwazi jambo ambalo lugha ya mpango ililifunika.

Udhaifu wa chombo hicho ulionekana mji ulipokua. Mwaka 1967 wakazi walikuwa kama 270,000. Mwaka 2012 walihesabiwa 4,364,541 katika mkoa wote. Wengi walijenga katika makazi yasiyopimwa. Mwaka 1992, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ulianzishwa Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, uliowakutanisha maofisa, wafanyabiashara na wakazi ili washauriane juu ya taka, maji machafu na makazi. Hapo baraza likawa chombo cha kuamulia. Hata hivyo, baraza lisilojua idadi ya nyumba wala njia ya maji huamua kwa kukisia.

Hasara ya kukisia ilidhihirika Desemba 2011. Mto Msimbazi, ushukao kutoka vilima vya Pugu hata Bahari ya Hindi, ulifurika, na watu wapatao 40 wakafa mjini. Miongoni mwa mahali palipogharikishwa ni Jangwani, jina limwelekezalo mgeni kwenye ukame, na hali mwenyeji ajua kuwa maji hurudi pale.

Mwaka huo huo wanafunzi na wakazi walikuwa wameanza kuichora Tandale, na mwaka 2015 kazi hiyo ikapanuliwa katika mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walipita vichochoroni pamoja na wenyeji, wakaandika nyumba, mitaro na makalvati, nazo ndege zisizo na rubani zikapiga picha kutoka juu. Ramani hizo ziliweza kutiwa katika programu ya InaSAFE, iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya Indonesia. Programu hiyo huweka eneo la mafuriko juu ya ramani ya nyumba na watu, kisha hukadiria watakaodhurika. Ni hesabu nyepesi, lakini ina sharti moja: nyumba isiyoandikwa haihesabiwi, na aliyemo ndani yake huwa kama hayupo.

Wala kuandikwa si heri tupu. Desemba 2015 serikali ilianza kubomoa nyumba za bonde la Msimbazi, zilizokuwa zimepigwa alama ya X ukutani. Mkaaji wa bondeni, basi, alikuwa na sababu ya kuwashuku waja na vipimo, kwa kuwa hesabu ile ile imwokoayo yaweza pia kumhamisha.

Tena chombo hakimlazimishi mwamuzi. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza safari zake mwaka 2016, ilijengwa pale pale Jangwani, na mafuriko yakaiingia si mara moja. Mwaka 2018 wakazi, wahandisi na idara za serikali walikaa pamoja kwa miezi kadhaa kuutunga mpango mpya wa bonde, ambao ulitaka sehemu ya chini iachiwe mto na bustani, na daraja la Jangwani liinuliwe.

Katika shauri hilo la 2018 ramani na baraza vilikutana. Karatasi ya 1949 ilikuwa na vipimo bila wenyeji, na mikutano ya 1992 ilikuwa na wenyeji bila vipimo vya kutosha. Thamani ya chombo chochote kitakachofuata itapimwa kwa mambo mawili: nani ameandikwa ndani yake, na nani anayo haki ya kusema jibu lake litumiweje.