Ngazi inayoelea

Ngazi inayoelea ni aina ya ngazi ya ndani ya jengo ambayo vidato vyake huonekana kana kwamba viko hewani bila kitu cha kuvibeba. Kwa kweli kila kidato hushikwa na ukuta, boriti au fimbo za chuma zilizofichwa au kupunguzwa ili zisionekane sana. Kwa kawaida haina vibao vya wima kati ya kidato na kidato, hivyo mwanga hupita na chumba huonekana kikubwa zaidi.

Historia

Ngazi isiyo na nguzo si jambo geni. Katika Queen's House huko Greenwich, London, iliyosanifiwa na Inigo Jones katika karne ya 17, kuna ngazi ya mzunguko ya mawe isiyo na nguzo katikati. Lakini katika ngazi za mawe za namna hiyo kila jiwe huingia ukutani na pia hulalia jiwe lililo chini yake. Katika ngazi inayoelea ya kisasa vidato havigusani. Kila kimoja hubeba mzigo wake peke yake.

Mfano maarufu wa karne ya 20 ni ngazi ya mbao isiyo na kishikio katika nyumba ya msanifu majengo Luis Barragán, Mexico City, iliyojengwa mwaka 1948. Nyumba hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004.

Aina

* Vidato vilivyoshikwa ukutani upande mmoja tu, mara nyingi kwa fremu ya feleji iliyofichwa ndani ya ukuta.
* Vidato vilivyokaa juu ya boriti moja ya feleji inayopita katikati, chini yake.
* Vidato vilivyoshikwa ukutani upande mmoja na kuning'inizwa kwa fimbo au kamba za chuma upande wa pili.

Vidato hutengenezwa kwa mbao ngumu, zege lenye nondo, feleji, au kioo cha tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja.

Nguvu zinazofanya kazi

Kidato kilichoshikwa upande mmoja ni wenzo. Mtu mwenye uzito wa nyutoni 800 (takriban kilo 80) akisimama sentimita 90 kutoka ukutani, na kidato kimeingia ukutani sentimita 10 tu, ncha ya ndani hutaka kuinuka kwa nguvu ya takriban nyutoni 7,200, yaani mara tisa ya uzito wake. Ndiyo maana ukuta mwembamba, au wa matofali yenye matundu, hauwezi kubeba ngazi hiyo peke yake. Katika nyumba za nguzo na boriti za zege, ambazo ni nyingi Afrika Mashariki, kuta za matofali mara nyingi huziba nafasi tu. Hivyo fremu ya ngazi inatakiwa kufungwa kwenye zege lenyewe, kwa hesabu ya mhandisi, kabla ya kupigwa lipu.

Usalama

Nafasi wazi kati ya vidato ni hatari kwa watoto wadogo. Kanuni za Uingereza zinataka tufe la kipenyo cha milimita 100 lisiweze kupita katika nafasi hizo pale ambapo watoto wanaweza kuwepo. Kwa sababu hiyo wajenzi huongeza kipande chembamba chini ya kila kidato. Kanuni hizo pia zinataka kimo cha kidato kikizidishwa mara mbili na kujumlishwa na upana wa kukanyagia kiwe kati ya milimita 550 na 700.

Kishikio kikiondolewa kwa ajili ya urembo, wazee na watu wenye uoni hafifu ndio huathirika zaidi. Kidato kinachotikisika au ufa ukutani karibu nacho ni dalili kwamba kiungo kimelegea. Ngazi isitumike mpaka ikaguliwe.